Riwaya au filamu? Merikebu za vita vya zamani kwa mtu wa Kigoma anayetaka kutulia nyumbani

Vijana wa Mwanga, hapa Kigoma, wakishajua una vitabu ndani na flashi imejaa muvi, hawakosi swali: nikitaka mambo ya merikebu, mizinga na manahodha wa zamani, nianze na muvi au nianze na kitabu? Kuwajibu kwamba vyote vizuri ni kuwafukuza kwa adabu. Mtu ana jioni moja ya Jumamosi na buku tano mfukoni, anataka kuambiwa achukue kipi na aache kipi.

Basi nitavipambanisha, riwaya na filamu yake, na kila mahali nitasema mimi ningechukua ipi. Kipimo changu ni kimoja. Kama utamu wa kisa uko kwenye kinachoonekana, mlingoti unavunjika, baruti inafuka, wimbi linapanda sitahani, chukua filamu. Kama utamu uko kichwani mwa nahodha, kwenye hesabu anazopiga, woga anaouficha na saa nyingi za kungoja, chukua kitabu. Kuna kisa kimoja kinachokivunja kipimo hiki, nacho nitakifikia.

The African Queen: kisa cha ziwa letu

Mtu wa Kigoma aanzie hapa. Riwaya iliandikwa na C. S. Forester, ikatoka mwaka 1935. Filamu ni ya John Huston, ya mwaka 1951, steringi ni Humphrey Bogart na Katharine Hepburn, na Bogart alipata Oscar yake ya mwigizaji bora kwa kazi hiyo. Ni mwaka 1914, Afrika Mashariki ya Wajerumani. Rose Sayer, dada wa mmishonari, anabaki peke yake porini baada ya kaka yake kufa. Anachukuliwa na Allnutt, fundi wa kimashua cha mvuke, mlevi kidogo, mchafu kiasi chake. Na wala si Allnutt anayetoa wazo la vita. Ni yule mama wa kanisani: tuteremke na mto hadi ziwani, tukailipue meli ya Wajerumani.

Meli hiyo kitabuni inaitwa Königin Luise, kwenye filamu Louisa, na ziwa lenyewe kitabuni limepewa jina la kubuni. Sisi hatuhitaji kuambiwa. Meli ya Wajerumani iliyotawala Ziwa Tanganyika ilikuwa Graf von Götzen, iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa makashani, ikaja Dar es Salaam kwa meli na Kigoma kwa reli. Ikaungwa hapa hapa na kushushwa majini mwaka 1915. Ndiyo hiyo hiyo Liemba, meli yetu ya ziwani.

Sasa tofauti. Asiyependa kujua mwisho wa kisa airuke aya hii. Kwenye filamu kimashua kinazama kwa dhoruba, wawili wale wanakamatwa na kuhukumiwa kunyongwa, wanamwomba nahodha wa Kijerumani awafungishe ndoa kwanza, na kamba ikiwa tayari meli inakanyaga mabaki ya African Queen yenye mabomu waliyoyaunda, inalipuka, maharusi wanaogelea wakiimba. Steringi hafi, watu wanapiga makofi. Kitabuni mambo ni mengine kabisa. Mjerumani anaona aibu kuwanyonga, anawapeleka kwa Waingereza chini ya bendera nyeupe, na wanaoizamisha meli ni wanamaji wa Kiingereza kwa boti zao za injini. Yaani mateso yote yale ya mtoni, halafu kazi inamalizwa na watu wengine walio nadhifu. Mara ya kwanza mwisho huo unaudhi. Ukikaa nao siku mbili unaona ndio wa mtu mzima.

Nao ndio ulio karibu zaidi na historia. Waingereza walileta kweli boti mbili ndogo, Mimi na Toutou, urefu wa futi 40 hivi, chini ya kamanda Geoffrey Spicer-Simson. Zilitoka Uingereza kwa bahari hadi Cape Town, zikapanda treni hadi Katanga, zikaburutwa milimani kwa mitambo ya mvuke, kwa ng'ombe na kwa nguvu za watu, kisha kwa reli na mto hadi upande wa pili wa ziwa, pale panapoitwa leo Kalemie. Tarehe 26 Desemba 1915 ziliiteka Kingani ya Wajerumani, na 9 Februari 1916 Waingereza wakaizamisha Hedwig von Wissmann. Götzen yenyewe haikuzamishwa na adui. Wajerumani waliizamisha wenyewe tarehe 26 Julai 1916 walipokuwa wanaondoka Kigoma, mafundi wakiwa wameshapaka injini grisi ili zisile kutu. Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini na jina jipya. Mwandishi gani angethubutu kubuni habari ya grisi?

Filamu ina vituko vyake kwa mtu wa nchi hii. Mto wanaoteremka nao unaitwa Ulanga, na mtu wa Ifakara akisikia lazima acheke, maana Ulanga anayoijua yeye maji yake yanaishia Rufiji na Bahari ya Hindi, si ziwani. Picha zilipigwa Kongo na Uganda, nyingine studio Uingereza, kwa hiyo usihangaike kutafuta milima ya ng'ambo tunayoiona tukisimama Bangwe anga likiwa safi. Na Waafrika, kitabuni na kwenye filamu, ni watu wa nyuma: wanaimba kanisani, wanakimbia moto, wanabeba. Kwenye filamu inauma zaidi kwa sababu unawaona sura na hakuna anayepewa neno la kusema. Katika historia yenyewe, bila mikono ya watu hao Mimi na Toutou zisingeonja maji ya ziwa hili.

Niliitazama na jirani yangu wa Ujiji, mzee aliyefanya kazi melini ujanani. Allnutt ana tabia ya kuupiga teke mtambo wa mvuke kila unapotaka kukwama. Mzee alicheka mpaka akashika mbavu. "Mwanangu, huyo ni fundi kweli. Sisi nasi tulikuwa na pampu isiyofanya kazi mpaka itukanwe." Lakini walipofika penye kunyoosha shafti ya pangaboi iliyopinda, akaguna. Filamu inapita hapo upesi upesi. Kitabu kinakaa: jinsi ya kuitoa chini ya maji kwa kupiga mbizi, moto wa mkaa ufukweni, kupasha, kugonga, kupima kama imenyooka, kuunda upanga mpya wa pangaboi kwa chuma chakavu. Kwa fundi wa boti za Kibirizi kurasa hizo peke yake zinatosha kumfanya akitafute kitabu.

Mimi ningechukua filamu kama ni jioni ya kukaa na mwenzako sebuleni, maana Bogart na Hepburn wanavyogombana na kupatana ni raha isiyoandikika. Kwa ajili ya mto, ufundi na ukweli wa mwisho, kitabu. Ni kifupi, hakichoshi, na Kiingereza chake hakina makuu.

Ila kuna riwaya nyingine ninayoiweka juu ya vyote viwili kwa msomaji wa hapa. Alex Capus, mwandishi wa Uswisi, aliitoa kwa Kijerumani mwaka 2007, na kwa Kiingereza inaitwa A Matter of Time. Huku unawafuata mafundi wa Papenburg wanaoletwa Kigoma kuiunga Götzen, na huku unamfuata Spicer-Simson na vituko vyake. Ukisoma unajua mtaa, unajua joto la mchana, unajua udongo mwekundu unavyoganda kwenye viatu. Hakuna filamu ya kigeni itakayokupa hayo.

Nahodha Aubrey na daktari Maturin

Hapa nageuka. Filamu kwanza, na sitaki ubishi.

Master and Commander ya Peter Weir ilitoka 2003. Russell Crowe ndiye nahodha Jack Aubrey, Paul Bettany ni Stephen Maturin, daktari wa merikebu na rafiki yake. Ni mwaka 1805, Waingereza wanapigana na Napoleon, na merikebu ya Aubrey inawindwa, kisha inawinda, merikebu ya Kifaransa yenye nguvu kuizidi. Saa mbili na dakika 18, karibu zote ziko majini.

Tazama mwanzo wake. Alfajiri, ukungu mzito. Kijana wa zamu anahisi ameona kitu, hana uhakika, anaogopa kuwaamsha watu wote bure. Anachungulia tena kwa darubini, moyo unamwenda mbio. Halafu ndani ya ukungu kunamulika, mara moja, bila sauti, na kabla sauti haijafika Aubrey ameshapiga kelele watu walale chini. Ndipo mbao zinapoanza kupasuka. Nimeonyesha watu wengi kipande hicho na hakuna aliyeendelea kula.

Filamu ilipata Oscar mbili, ya upigaji picha na ya uhariri wa sauti, na ya sauti ndiyo inayokuhusu wewe uliye nyumbani. Mbao zinalia, kamba zinakaza, maji yanapiga ubavuni, mtu wa sitaha ya chini anasikia nyayo za wa juu. Ukiitazama kwa spika ya simu umekula nusu ya sahani. Tafuta sabufa, au hata hedifoni za kawaida. Kwa sababu hiyo hiyo nakushauri uikwepe yoyote iliyotafsiriwa na hawa mabingwa wetu wa kuongea juu ya picha. Nawapenda, wananichekesha, na muvi ya ngumi bila wao haijakamilika. Lakini bingwa anaogopa kimya. Kila penye utulivu anatia neno, na humu utulivu ndio unaotisha.

Merikebu uliyoiona nyingine ni ya kweli, Rose, iliyojengwa kwa kufuata merikebu ya karne ya 18, na nyingine ilikuwa kwenye lile bwawa kubwa la Mexico lililojengwa kwa ajili ya Titanic. Sehemu ya visiwa vya Galápagos ilipigwa Galápagos kwenyewe. Mtu anayetaka kuona foromali zikipandwa na watu kwenye dhoruba hatapata mahali pazuri zaidi.

Vitabu je? Patrick O'Brian alianza na Master and Commander mwaka 1969, akaandika 20, akafa mwaka 2000 akiacha cha 21 njiani. Filamu imeokota huku na huku humo, na imekopa jina lake la pili, The Far Side of the World, kwenye kitabu cha mwaka 1984. Kitabuni adui ni merikebu ya Kimarekani, vita ni vile vya Uingereza na Marekani vilivyoanza 1812. Wenye filamu wakambadilisha adui kuwa Mfaransa na kuirudisha saa nyuma miaka kadhaa. Asiyejua hatagundua, na kisa hakikupungukiwa.

Kilichopungua ni nchi kavu. Vitabuni Aubrey ni simba majini, akishuka bandarini anakuwa mtu wa kutapeliwa, mwenye madeni, asiyejua kunyamaza mbele ya wakubwa. Maturin ana siri zake nyingi, ana mapenzi yanayomtesa, ana ndege na mende anaowachunguza kuliko anavyochunguza adui. Wanapiga muziki pamoja usiku, mmoja fidla mwingine selo, hayo filamu imeyatunza. Mapigano yenyewe vitabuni wakati mwingine yanaisha kwa ukurasa mmoja, kisha kurasa 30 za chakula, mzaha na upepo. Ukimpenda O'Brian humwachi tena. Usipompenda utalala.

Na Kiingereza chake ni kigumu, tusidanganyane. Ni cha miaka ile ya merikebu za matanga, kimejaa majina ya kamba. Dawa aliitia mwandishi mwenyewe: Maturin hajui tofauti ya omo na tezi, kwa hiyo kila mara kuna mtu anamweleza, na wewe unasikilizia hapo hapo. Pale usipoelewa jina la tanga, pita. Mzee wangu wa Ujiji alinikumbusha kwamba hata melini kwao nusu ya vijana walikuwa wakifuata mkono wa serahangi tu, si maneno yake.

Kwa hiyo filamu leo, na ikikushika, kitabu cha 1969. Usianzie katikati.

Hornblower, na yule kamanda asiyekaa

Forester yule yule wa African Queen ndiye aliyemzaa Horatio Hornblower, kuanzia mwaka 1937. Kuna filamu ya 1951 yenye Gregory Peck, na kuna mfululizo wa televisheni wa Waingereza, filamu nane kati ya 1998 na 2003, kijana akiwa Ioan Gruffudd.

Peck ni mzuri mno kwa kazi hii. Mrefu, sauti nzito, hana wasiwasi. Hornblower wa kitabuni ana wasiwasi tangu anaamka. Ujanani alipata kichefuchefu cha bahari merikebu ikiwa imetia nanga. Anajiona mwoga, anajiona mjinga, anahesabu kila kitu mara tatu, na ili watu wasijue anakohoa "Ha-h'm" na kunyamaza. Mabaharia wanadhani ni mwamba. Raha yote ya riwaya ni kujua wasichokijua wao, na kamera haiwezi kuingia hapo ndani.

Mfululizo wa televisheni ni bora kuliko filamu ya Peck, na ndio ningewawekea vijana wa sekondari: kuna urafiki, kuna upanga, na kila sehemu inajitosheleza. Lakini mshindi ni kitabu. Chukua Mr. Midshipman Hornblower cha mwaka 1950, ambacho kila sura ni kama kisa kinachojitegemea. Kwa mtu anayesoma kwa vipande, foleni ya benki, kungoja boti, hakuna riwaya ya bahari inayofaa kuliko hiyo.

Hukumu hiyo hiyo naitoa kwa The Good Shepherd ya 1955, ya Forester pia, na filamu yake Greyhound ya mwaka 2020, ambayo Tom Hanks aliiandika na kuigiza. Hapa si matanga tena, ni Vita Kuu ya Pili, kamanda Krause anasindikiza msafara wa meli za mizigo katika Atlantiki na nyambizi za Kijerumani zinamzunguka. Filamu ni dakika 91 za kukaza misuli, haikupi nafasi ya kupumua. Kitabu nacho kinakufunga darajani na Krause kwa karibu saa 48: miguu inamuuma, anataka kwenda haja hana nafasi, kahawa imepoa, sala imekatika katikati. Kila amri anayoitoa unaijua ilivyotengenezwa. Filamu ilienda moja kwa moja Apple TV+, huduma ya kulipia kila mwezi, kwa hiyo hata kwa pesa kitabu kinashinda.

Kisa kinachovunja kipimo

Das Boot. Nyambizi ya Wajerumani, mwaka 1941, vijana wamejazana kwenye bomba la chuma. Adui haonekani. Kwa kipimo changu kitabu kingeshinda, tena mwandishi, Lothar-Günther Buchheim, alisafiri mwenyewe ndani ya U-96 kama mwandishi wa vita, akaitoa riwaya mwaka 1973. Lakini filamu ya Wolfgang Petersen ya 1981 inaipita. Sababu ni sauti tena. Wako kimya, jasho linawatiririka, juu yao pangaboi za manowari zinakaribia, kisha ule mlio mdogo wa chombo kinachowatafuta: ting. Nyambizi inazidi kushuka na bolti zinaanza kufyatuka ukutani. Kitabu kinakuambia. Filamu inakufungia humo. Tafuta ile ndefu iliyotolewa 1997, karibu saa tatu na nusu, Kijerumani chake kikiwa na maandishi ya Kiingereza chini. Mwenye pumu ya hofu asiitazame usiku.

Bounty, kwa ufupi

Uasi wa kwenye Bounty, merikebu ya Waingereza, ulitokea kweli, tarehe 28 Aprili 1789. Riwaya maarufu ya Nordhoff na Hall ni ya 1932, filamu kubwa ni tatu: 1935, 1962 na 1984. Za kwanza zinamfanya nahodha Bligh kuwa shetani mwenye kofia. Ya 1984, yenye Anthony Hopkins na Mel Gibson, inamtendea haki zaidi, na anastahili, kwani waasi walipomtupa kwenye mashua ya wazi na watu 18 aliwafikisha Timor wote isipokuwa mmoja, safari ya karibu kilomita 6,700. Urefu wa Ziwa Tanganyika mara kumi hivi, kwa mkate wa kupimwa kwenye mizani. Chukua hiyo ya 1984, riwaya isubiri.

Mfuko, umeme na lugha

Filamu ya saa mbili yenye picha ya kuridhisha inakula bando karibu GB moja au zaidi. Ndiyo maana wengi wetu tunaenda kujaziwa flashi dukani, na huko utapata za ngumi na za Kikorea kabla hujapata hata moja ya merikebu. Lazima umwandikie muuzaji jina na mwaka. Ukimwambia "ya meli" atakupa Titanic.

Kitabu cha zamani kilichotoka kwenye hakimiliki kinapatikana bure, halali, kwenye tovuti ya Project Gutenberg: Moby-Dick ya Herman Melville, Treasure Island ya Stevenson, na riwaya za Frederick Marryat, mwanamaji wa kweli aliyewafungulia njia hawa wote. Faili halizidi MB chache. Forester na O'Brian hawamo humo kwa sehemu kubwa. Hao ni wa kununua, au kumwagiza mtu Dar apite kwa wauza vitabu vya mtumba, aviweke kwenye basi. Nakala ya Hornblower iliyotoboka jalada inauzwa bei ya sahani ya wali na migebuka, na inasomwa na nyumba nzima.

Umeme ukikatika televisheni imekufa, simu yenye kitabu inakwenda usiku kucha ukipunguza mwanga. Lakini tusiipambe riwaya kupita kiasi. Mtu aliyetoka kazini saa kumi na mbili, mgongo unamuuma, Kiingereza chake ni cha kuombea kazi, ukimpa O'Brian umemwonea. Mpe filamu yenye maandishi chini. Maandishi hayo ndiyo yatakayomfundisha kusoma haraka, na baada ya filamu tatu nne Forester hatamtisha.

Moby-Dick niiseme hapa maana watu huipakua kwa kuwa ni ya bure. Ina sura 135. Sura kadhaa hazina kisa kabisa, ni somo la nyangumi. Filamu ya 1956, ya John Huston yule yule, Gregory Peck akiwa nahodha Ahab, inakata hayo yote na kubaki na mbio. Ukiwa na haraka tazama filamu. Ukiwa na mwaka mzima, soma kitabu usiku sura moja, bila kuona aibu kuruka.

Nyumba yenye watoto

Das Boot si ya watoto. Master and Commander ina upasuaji wa wazi, mtoto anakatwa mkono, na daktari anajipasua mwenyewe akitazama kioo. Darasa la saba waweza kuwaruhusu, wadogo wasiitazame.

Kwa wadogo kuna Treasure Island, kitabu cha 1883, ambacho kilishatafsiriwa Kiswahili tangu enzi za Mwingereza kwa jina la Kisiwa chenye Hazina. Kwa nyumba isiyotaka Kiingereza hicho ndicho cha kutafuta, pamoja na safari za Sindbadi katika Alfu Lela Ulela. Filamu ya Disney ya 1950 ina Robert Newton kama Long John Silver, na haramia wengi wa sinema waliofuata wamemwiga sauti. Hapa usichague, ila fuata mpangilio huu: soma kwa sauti, sura moja kila usiku, mpaka pale Jim anapojificha ndani ya pipa la matufaha na kusikia njama ya Silver. Funga kitabu hapo hapo, hata wakilia. Endelea kesho yake, na filamu waone baada ya sura ya mwisho, la sivyo hakuna atakayekaa tena kusikiliza.